Fimbo ya Tano

Jana binti yangu kaniletea fomu ya kujiunga na kidato cha kwanza, nisaini. Sheria ya tisa: mtoro na mchelewaji sugu atafukuzwa shule. Nikaiweka kalamu chini.

Mwaka 2003 nilikuwa kiranja, na daftari la wachelewaji lilikaa kwangu. Jina la jirani yangu wa dawati nililiandika kwa wino mwekundu. Alfajiri alikuwa akibeba ndoo za dagaa pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza, mitumbwi inapoingia. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wanalala. Basi wiki za giza jina lake lilijaa daftarini, wiki za mwezi halipo. Kurasa zilisema zenyewe. Hakuna aliyezisoma, hata mimi niliyeziandika.

Siku ile aliitwa mbele ya mstari, akashika ukuta wa ofisi. Magamba ya dagaa yalikuwa yamemkaukia viwikoni, yanameremeta kwenye jua la asubuhi. Tulihesabu kimoyomoyo. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Ya tano ikiwa bado hewani, aligeuka akaidaka. Hakuivuta, hakutukana. Aliishika tu, akasema taratibu, "Zimetosha, mwalimu."

Shule nzima kimya. Nikasikia kucha za kunguru juu ya bati.

Barua ilisema alitaka kupigana na mwalimu. Akafukuzwa. Nilikuwa chuoni niliposoma kanuni za viboko za 2002: fimbo zisizidi nne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na adhabu iandikwe kitabuni. Nne. Alikuwa amehesabu sawasawa.

Ziwa likamchukua. Kwanza dagaa, halafu kokoro, wavu uliopigwa marufuku; doria ikija, mwenye kokoro hayumo mtumbwini. Nilimwona mara moja tu, kwenye karandinga lililokuwa likielekea gereza la Butimba, vidole vyake vimeshika nondo za dirisha.

Siwezi kuapa kwamba ni ile fimbo. Wapo waliofukuzwa na leo wana maduka Makoroboi. Ila yeye, kila nikimfuata nyuma, nafika kwenye lile daftari.

Mama yake bado anauza dagaa. Nikienda kununua, ananijazia sado mpaka wanamwagika. "Chukua, baba," ananiambia, "wewe si ulisoma na mwanangu?" Naitikia ndiyo, mama. Habari ya daftari sijawahi kumwambia.