Nilivyojua hali ya barabara intaneti ilipozimwa

Kazi yangu ni uwakala wa forodha hapa Busia, upande wa Uganda. Malori yanatoka Mombasa na makontena, sisi tunahangaika na makaratasi, na dereva akishatoka yadi huwa ana swali moja tu: njia ya Kampala ikoje? Siku za kawaida jibu linahusu mizani na trafiki. Siasa zikichafuka, jibu baya laweza kuchomesha lori na mzigo wake.

Tarehe 18 Novemba 2020, Robert Kyagulanyi, yaani Bobi Wine, mgombea urais wa upinzani, alikamatwa Luuka akiwa kwenye kampeni, vurugu zikazuka. Luuka iko jirani na Iganga, na Iganga iko juu ya barabara yetu hii hii. Video za vurugu hizo zilikuwa zimejaa kwenye magrupu ya madereva wakati redio ya FM niliyofungulia ofisini bado inapiga muziki na kusoma salamu. Vijana wakaanza kuwatukana watu wa redio: hawa wamenunuliwa!

Sikukubaliana nao. Ukiwa na umri wangu unakumbuka machafuko ya Kayunga ya Septemba 2009, CBS, redio ya Buganda, ilipofungwa na isirudi hewani hadi Oktoba 2010. Unakumbuka Mei 2013, polisi walipolizingira gazeti la Daily Monitor, redio za KFM na Dembe zikazimwa pamoja nalo. Na mwaka mmoja na nusu tu kabla ya vurugu hizi, Aprili 2019, tume ya mawasiliano, UCC, ilikuwa imeamuru stesheni 13 ziwasimamishe kazi wahariri na watayarishaji kwa namna zilivyomtangaza huyo huyo Bobi Wine. Mwenye redio ana leseni, na anamjua aliyempa. Waandishi waliothubutu kwenda barabarani nao waliumizwa. Desemba hiyo ya 2020 Ashraf Kasirye wa Ghetto Media alijeruhiwa kichwani huko Masaka akiwa kazini. Kwa hiyo kimya cha redio nilikielewa. Ila kimya hakimsaidii dereva aliyeshika usukani.

Simu nayo ilikuwa na ugonjwa wake. Jioni ile nililetewa picha ya lori linawaka moto, chini yake pameandikwa "Jinja sasa hivi". Dereva mmoja wa Mombasa akanipigia, sauti inatetemeka: "Kaka, nigeuze?" Nikamwambia asubiri, nikaikuza ile picha. Magari yote yalikuwa yanapita upande wa kulia wa barabara. Jinja gani hiyo? Tangu hapo picha yoyote inayofika kwangu naangalia kwanza magari yanapita upande gani, kisha namba zao, vibao vya maduka, na kama kumenyesha. Hilo la mvua linasaidia kuliko watu wanavyodhani, maana mtu wa pale utamuuliza, "Kwenu leo kumenyesha?" naye hana sababu ya kukudanganya.

Na hao watu wa pale ndio walionitoa. Nilikaa na daftari nikaandika kituo kwa kituo: Naluwerere kule Bugiri, malori yanapolala; Iganga; daraja jipya la Nile pale Jinja; Lugazi; Namawojjolo kwa wachoma kuku; Mukono. Kila mahali nilitafuta mtu ambaye kazi yake inamweka ukingoni mwa lami kutwa nzima: mama wa hoteli, kijana wa petroli, mtu wa boda. Madereva ndio walionipa namba, kwa kuwa wanakula na kujaza mafuta huko. Nilikuwa simuulizi mtu "hali ikoje", kwa sababu hapo utapewa siasa. Nilikuwa nauliza, "Mama, lori la mwisho kutoka Kampala umeliona saa ngapi?" Naye anajibu, "Mwanangu, tangu saa saba hakuna lililopita." Basi, hilo ndilo jibu. Akisema ameambiwa na mtu, namuomba namba ya huyo mtu.

Salio la kuwatumia nilitoa mfukoni. Bosi alinung'unika kidogo, akanyamaza alipoona magari yake yanarudi na vioo vyote. Waliouawa siku zile, kwa hesabu ya serikali yenyewe, walifika 54, kwa hiyo sidhani kuna aliyeona tahadhari imezidi.

Januari 2021, uchaguzi ulipofika, ndipo daftari lilipolipa. Tarehe 12 mitandao ya kijamii ilifungwa, wenye VPN, programu ya kukwepa vizuizi vya mtandao, wakaendelea kutamba; walikuwa wameizoea tangu ile kodi ya mitandao ya kijamii ya 2018, shilingi 200 kwa siku. Usiku wa tarehe 13 intaneti yote ikazimwa, na VPN zikawa kazi bure. Baadhi yetu wa Busia tuna laini ya Kenya, ukisogea upande wa mpaka inashika. Niliifungua, nikakuta watu wa Nairobi wanabishana kuhusu Kampala. Nikaizima. Simu za kawaida na meseji zilikuwa zinafanya kazi, nami sikuhitaji zaidi ya hapo. Fedha taslimu za dizeli na posho tulikuwa tumeshawapa madereva mapema. Februari 2016 walizima mitandao pamoja na pesa za simu, na somo hilo hakuna aliyelisahau barabarani.

Jambo ambalo wengi hawakulifanya ni kusikiliza UBC. Wenzangu walikuwa wanacheka, redio ya serikali utasikia nini? Hutasikia kilichotokea, ni kweli. Lakini utasikia serikali inakusudia kufanya nini: amri mpya, saa za kafyu, matokeo yatatangazwa lini. Sheria inaipa tume ya uchaguzi saa 48 tangu kura kufungwa kumtangaza rais. Kura zilifungwa Alhamisi tarehe 14 saa kumi jioni, kwa hiyo Jumamosi jioni ndiyo mwisho. Niliwaambia madereva wawe wameegesha Naluwerere kabla ya Jumamosi mchana. Jaji Byabakama, mwenyekiti wa tume hiyo, akamtangaza Museveni kwa asilimia 58 na ushee, Kyagulanyi karibu 35, magari yetu yote yakiwa yamesimama. Jioni BBC na Sauti ya Ujerumani kwa Kiswahili zilinipa picha ya nchi nzima. Kwa kujua kama Mukono kunapitika niliendelea na daftari.

Intaneti ilipozimwa tena Januari 2026, siku mbili kabla ya kura, madereva walikuja wenyewe ofisini kunakili namba. Mama wa Naluwerere ameshahamia Tororo, mwanawe ndiye anayepokea simu. Yeye hujibu kwa kifupi kuliko mamake, na anataka salio lake litangulie.