Mzinga wa Nguzo

Nguzo yenyewe ilikuwa ya kona, nene kama futi moja. Tuliitoa mwaka 1994 upande wa Njoro, Kenya, kwenye shamba lililokuwa la mlowezi; mwenye shamba wa siku hizo alikuwa anang'oa uzio wa zamani. Mtarakwa, mti huo wa nguzo, haukuruhusiwa kukatwa msituni, na babu hakutaka kusikia habari ya mti mwingine. Kiini chekundu cha mtarakwa hakiliwi na mchwa. Kwa sababu hiyo hiyo mlowezi aliufanya nguzo, na sisi Waogiek, warina asali wa msituni, mizinga ya nyuki.

Kwanza babu alitupa sehemu iliyokuwa ardhini pamoja na shibiri moja juu yake, kwani nguzo huanza kuoza pale udongo unapoishia. Zikabaki futi nne. Akapasua kwa kabari tatu, taratibu, akifuata nyuzi za mti. Ufa ukienda kombo nusu mbili hazifumbani tena, mwanga unapenya, nyuki wanahama.

Kisha tezo. Ndani huchimbwa hadi kuta zibaki unene wa vidole viwili. Ukizidi kuchimba, jua la mchana linayeyusha masega. Tezo ikagonga msumari wa seng'enge uliokatikia humo, makali yakamenyeka. "Mlowezi huyu bado anatuchoma," babu akasema.

Matundu ya misumari aliyaziba kwa nta, akapaka na nta kuukuu ndani ili nyuki wapelelezi wavutwe na harufu. Mawili hakuyaziba kwa nje. Nilidhani amesahau.

Mzinga ulikuwa wa kutundikwa kwenye eneo la ukoo wetu. Kila ukoo una ukanda wake, unaopanda kutoka bondeni hadi juu kabisa, maana maua hayachanui pamoja na asali inafuata maua. Tume ya ardhi ya wakoloni, katika ripoti ya mwaka 1934, ilituita Dorobo, neno la Wamaasai kwa asiye na ng'ombe, ikapendekeza tuhamishiwe kwenye maeneo ya makabila tunayokaribiana nayo.

Njiani askari wa msitu alitusimamisha. "Mzee, mtarakwa huu umekata wapi?"

Babu akaugeuza mzinga begani, akamwonyesha matundu mawili. Askari akakwangua kutu kwa ukucha, akainusa.

"Ni nguzo ya mzungu," babu akasema.

"Haya, mzee. Pita."