Halua ya Muscat

Leo nimeletewa kibakuli cha halua kutoka Oman. Nimefungua kifuniko tu, zafarani ikanirudisha mwaka 1994, nikiwa na miaka minane, Baba alipotupeleka Muscat kumuona shangazi.

Halua nilikuwa naijua. Sisi watu wa Pemba, Idi bila halua ya Wete si Idi. Lakini siku ile shangazi alinishika mkono hadi kwa mpika halua, nikamkuta mzee anakoroga kwa mwiko mrefu kuliko mimi, sufuria la shaba linatokota: wanga, sukari, samli, iliki. Hakuacha kukoroga hata mara moja. Kazi ya saa nzima na zaidi, na ukipumzika inashika chini. Mwishoni akamimina maji ya mawaridi, harufu ikajaa mpaka njiani. Mpaka leo sijanusa kitu kizuri kama kile.

Nyumbani tukakaa chini kwenye zulia. Shangazi akanionyesha: mkono wa kulia, vidole vitatu, mega kidogo, kisha kahawa chungu. Ya moto bado, inavutika, lozi zinakatika menoni! Bibi alipotosheka akatikisa finjani, wakaacha kummiminia. Waliongea Kiswahili usiku kucha, wakiulizana habari za watu wa nyumbani, mmoja mmoja.

Shangazi keshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Hiki kibakuli kaniletea mwanawe.

Nimemega kwa vidole vitatu. Kahawa iko jikoni.