Jioni homolojia ilipozaa ujazo

Mwaka wa tatu pale Chuo Kikuu cha Dodoma, somo la hisabati liitwalo homolojia nilikuwa nalifaulu bila kulipenda. Nililiona ni kazi ya kuhesabu matundu: unalikata umbo vipande vya pembetatu, unajumlisha na kutoa kingo, unabaki na namba kadhaa. Livute umbo, liminye, namba ni zile zile. Sasa hesabu isiyojali kuvutwa itakuambia nini kuhusu urefu au ujazo?

Swali hilo nilimpelekea mwalimu wetu wa topolojia, hisabati ya sifa za umbo zisizobadilika likivutwa, jioni moja wenzangu wameshatoka, upepo unapuliza vumbi mpaka kwenye madawati.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, binti. Uliza.”

Nilipouliza, akafuta ubao wote.

Akaanza na uso uliofungika wenye matundu mawili. Katika jiometri ya haipaboli, ile ambayo pembe za pembetatu hazifiki jumla ya nyuzi 180, eneo lake ni 4π, hakuna namna, lakini jiometri yenyewe unaweza kuibadili upendavyo. Kuitaja moja kunataka namba sita. Kwenye vipimo vitatu uhuru huo haupo. Mwaka 1968 mwanahisabati Mostow alithibitisha kwamba maumbo mawili ya haipaboli yaliyofungika, yakiwa na topolojia moja, yanalingana kila urefu na kila pembe.

Baadaye mwanahisabati mwingine, Gromov, akaufikia ukweli huo kwa homolojia. Jenga umbo zima kwa tetrahedroni, yaani piramidi za nyuso nne za pembetatu, ruhusu hata sehemu za kipande, kisha uliza: kwa uchache kabisa, jumla ni ngapi? Hapo hujapima chochote. Lakini tetrahedroni ya haipaboli, hata ncha zake ziende mbali bila mwisho, ujazo wake hauvuki takriban 1.0149. Zidisha uchache ule kwa namba hii, unapata ujazo wa umbo, kamili.

Nilisimama nikausogelea ubao. Kuhesabu vipande kumezaa ujazo!

“Mbona basi uso wa matundu mawili unanyumbulika, Mwalimu? Nao si una kikomo chake?”

Akachora pembetatu mbili, ncha zote zimekwenda mbali bila mwisho. “Hizi zote zinalingana, kila moja eneo lake π. Kikomo hakichagui yeyote.” Kisha akachora tetrahedroni, taratibu, chaki ikikwaruza. Hizo ziko za kila namna, na inayofika kwenye kikomo ni moja tu: ile kamilifu, ambayo nyuso zake zinakutana kwa nyuzi 60 kila mahali. Kwa kuwa ujazo wa yale maumbo mawili ya Mostow ni ule ule, ramani ya kutoka moja kwenda jingine haina budi kupeleka tetrahedroni kamilifu kwenye tetrahedroni kamilifu. Haina pa kuponyokea. Kwangu mimi uzuri wote wa uthibitisho ule uko hapo, kwenye kikomo kinachofikiwa na umbo moja peke yake.

Mlinzi alikuja kufunga nikiwa bado nanakili. Mwalimu akamwomba atuvumilie kidogo, akanishikia tochi ya simu nimalize mchoro wa mwisho. Wiki ile ile nikabadili mada ya mradi wangu wa kumaliza shahada: ilikuwa takwimu, ikawa ujazo wa tetrahedroni za haipaboli.