Mdogo Wao Ndiye Aliyeona

Hadithi ya mzazi na mtoto wanaozozana huharibika mapema mwandishi anapomkabidhi mmoja kati ya wawili hao kazi ya kuisimulia. Akisimulia mtoto, baba hugeuka jitu lisilo na usingizi wala madeni. Akisimulia mzazi, mtoto huwa mtovu wa shukrani tangu ukurasa wa kwanza, na msomaji hana la kufanya ila kuchagua upande. Ninaamini kwamba anayestahili kupewa kazi hiyo ni mdogo wao, yule aliyeketi pembeni akijifanya anamalizia hesabu za shule, ambaye anampenda baba na anampenda kaka au dada kwa wakati mmoja, na ambaye hakuna mtu aliyewahi kumuuliza anaonaje.

Waliolelewa katika nyumba za Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, hawahitaji kuelezwa sana jambo hili, kwa sababu katika nyumba hizo hakuna pa kwenda kugombania. Kwetu Umoja sebule iligawanywa kwa pazia: upande mmoja viti na televisheni, upande wa pili kitanda cha dabodeka tulichokilalia sisi watoto. Baba alipokosana na dada yangu mkubwa kuhusu kozi (baba alitaka ualimu, naye dada alikuwa ameshajiandikisha katika chuo cha ususi mjini), hawakupigiana kelele hata siku moja. Waliacha tu kusemezana, na mimi nikawa posta yao. “Mwambie dada yako maji yamechemka.” “Mwambie baba nimeshaoga.” Yote hayo yalisemwa tukiwa watatu ndani ya chumba ambacho mtu angeweza kunyoosha mkono akamgusa mwenzake. Mama alipopakua ugali aliiweka sahani ya dada karibu na ya baba makusudi, naye dada akaichukua bila neno, akaenda kula jikoni amesimama, mgongo ameuegemeza kwenye ndoo za maji zilizopangwa ukutani.

Jambo ambalo sikulitambua wakati ule ni kwamba nilikuwa nikizihariri salamu hizo. Dada akisema, “Mwambie hayanihusu,” mimi nilifika upande wa pili wa pazia nikasema, “Amesema asante.” Baba akisema, “Mwambie asinijue,” nilisema kwamba baba ana kazi ya usiku na hatarudi mapema. Mtoto wa katikati ya ugomvi huanza kutunga hadithi kabla hajajua kwamba kuna watu wanaolipwa kwa kutunga, na hutunga kwa sababu anataka watu wawili waendelee kuishi nyumba moja. Ndiyo maana mimi humwona mtoto huyo kuwa msimulizi bora kuliko wote: anajua kila upande umesema nini hasa, na anajua pia kile kilichofika.

Ngũgĩ wa Thiong’o aliliona hili alipoandika Weep Not, Child, iliyotoka mwaka 1964. Ukiieleza riwaya hiyo kwa haraka utasema ni habari ya ardhi na ya Mau Mau, na hutakuwa umekosea, lakini ndani yake mna baba na mwana wasioweza kutazamana. Boro amerudi kutoka vita vya pili vya dunia, vita vilivyomuua nduguye Mwangi, na anamwona baba yake Ngotho kuwa mmoja wa wazee waliokaa wakisubiri unabii huku ardhi ikichukuliwa. Ngotho naye analima shamba la Mzungu Howlands kwenye ardhi ile ile ya wazee wake, akiitunza kama mali yake. Riwaya haisimuliwi kwa nafsi ya kwanza, lakini kwa sehemu kubwa jicho ni la Njoroge, kitinda mimba anayepelekwa shule, na ufa huo tunauona kutoka kimo chake. Kuna pale Boro anapotaka baba yake ale kiapo cha Mau Mau, naye Ngotho anakataa. Hakatai kwa sababu anakipinga kiapo chenyewe. Anakataa kwa kuwa haiwezekani baba kulishwa kiapo na mwanawe wa kumzaa. Nafikiri hakuna mahali katika fasihi yetu ya Kenya panapoonyesha vizuri zaidi watu wawili wanaokubaliana katika jambo kubwa na bado wakashindana kwa sababu ya nani amekaa wapi mezani. Ngotho anapokuwa kitandani akikata roho, na Boro anakuja usiku kumwomba msamaha, Njoroge yuko pale pale, hana la kusema.

Chimamanda Ngozi Adichie amekwenda mbali zaidi katika Purple Hibiscus ya mwaka 2003, kwa kumpa Kambili, msichana wa miaka 15, sauti nzima ya kitabu. Anayeasi ni kaka yake, Jaja, anayekataa kupokea komunyo Jumapili ya Matawi, na baba yao anarusha kitabu cha misa kinachovunja sanamu ndogo za wacheza dansi kwenye rafu ya mama. Angesimulia Jaja, tungepata hasira tupu. Kambili anatupa jambo gumu zaidi: baba anayempiga hadi alazwe hospitalini ndiye baba ambaye yeye hutamani kumsikia akimsifu, na anapoandika hivyo hajitetei wala haombi radhi. Ni yeye pia anayetueleza kwamba mama huzipangusa sanamu hizo baada ya kupigwa na mumewe. Jicho la namna hiyo halipatikani kwa mtu aliyesimama katikati ya sebule akipigana.

Sasa linganisha na Kidagaa Kimemwozea cha marehemu Ken Walibora, kitabu ambacho kizazi kizima cha wanafunzi wa sekondari wa Kenya kilikisoma kwa ajili ya mtihani. Ninampenda Walibora, na riwaya yake nyingine, Siku Njema, nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya watu wazima. Lakini Madhubuti anaporudi kutoka Urusi na kupambana na baba yake, Mtemi Nasaba Bora, hoja zake zimenyooka mno, kana kwamba amezifanyia mazoezi ndani ya ndege. Ana haki kabisa, na pengine hilo ndilo tatizo. Kila nikikisoma, macho yangu humtafuta Mashaka, binti wa nyumba ile ile, anayebeba aibu ya baba bila kuitenda na ambaye akili yake hatimaye inalemewa. Kuna riwaya nyingine nzima iliyofichwa ndani ya mtu huyo. Hata katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, Zakaria anapompiga binti yake Rosa vibaya kwa sababu ya barua ya kijana, mimi huwawaza wadogo zake, Flora na Honorata, waliokuwa wakijifunza kutokana na kipigo kisichokuwa chao.

Njia hii ina hatari yake. Mdogo akishakuwa mtu mzima, ana kodi ya nyumba na watoto wake mwenyewe, huanza kumwelewa baba kupita kiasi, na uelewa huo humwagika ndani ya mtoto wa miaka tisa aliyekuwa haelewi kitu. Ndipo tunapokutana na watoto wa vitabuni wanaozungumzia umaskini wa baba zao kwa lugha ya wachumi. Mtoto wa kweli hajui kwamba baba amepunguzwa kazini Industrial Area. Anajua tu kwamba wiki hii baba ameshinda nyumbani siku za kazi, amevaa shati la kazi, na kwamba redio imezimwa.

Hadithi fupi ninayoiandika sasa ilianza kwa sauti ya binti anayegombana na baba yake, nikaikwamia. Nimemwondoa, nimempa mdogo wake wa kiume simulizi yote, na nimelazimika kuitupa hotuba ndefu ya baba ambayo niliipenda sana, kwa kuwa mvulana huyo alikuwa ametumwa dukani kununua maziwa wakati inatolewa. Aliporudi alikuta baba amevaa koti na dada anafunga begi, na chenji ya maziwa hakuna aliyeiulizia.