Siku ya jamvi, Chanika

Mwaka 2011 nilikuwa na miaka 19, saidia fundi kwenye nyumba moja Chanika. Siku hiyo tunamwaga jamvi, yaani zege la sakafu ya chini. Mashine ya zege ilikuwa imekodiwa, na fundi mkuu, mzee mmoja wa Newala, aliilisha mwenyewe: maji kidogo kwanza, kokoto nusu, simenti, mchanga, kisha kokoto zilizobaki. Mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto. Hakuruhusu mtu kuingiza beleshi kwenye pipa linalozunguka, hata zege ligandie vipi kwenye mapanga. "Zima kwanza," alisema, na tulizima kweli.

Saa saba mchana ikazimika yenyewe. Mwenye mashine akavuta kamba mpaka mkono ukamlegea. Jamvi lilikuwa limefika nusu ya sebule, na zege halilali. Tukarudi kwenye mikono.

Mzee akatufagisha sehemu ngumu ili udongo usiingie, mchanga ukatandazwa, mfuko ukalazwa juu yake. Wengi wetu tulizoea kuuinua mfuko na kuumwaga, vumbi lote linaishia puani. Yeye aliupasua tumbo kwa ncha ya beleshi, akashika pembe mbili za chini na kuvuta polepole, upepo ukiwa mgongoni. Simenti ikabaki chini, vumbi hata la kupenga makamasi hakuna. Tukageuza kavu mara tatu hadi rangi ikawa moja, tukaongeza kokoto, tukachimba shimo katikati kama mtu anayebonyeza tonge, maji yakaingia humo. Ukingo ulikuwa unamegwa kwenda ndani, ili maji ya simenti yasikimbie.

Mimi nikapewa rula ya kusawazishia. Nikapiga magoti kwenye zege bichi, na suruali yangu ya jinzi. Nilihisi ubaridi tu, na kwa jua la siku ile ulikuwa mtamu.

Mzee akaniona. "Dogo, vua hiyo suruali, ukanawe."

Nikaenda kwenye pipa la maji. Msimamizi akanizuia, akasema maji yamebaki kidogo na ni ya zege. Sikubishana, kibarua wa wiki ya pili atabishana na nani? Nikarudi kwenye rula, na jinzi ile mbichi ikanikaa magotini kuanzia saa nane mpaka saa kumi na mbili jioni.

Wakati ule simenti kwangu ilikuwa uchafu kama tope. Sikujua kwamba ikikutana na maji inatoa chokaa kali, pH yake, kipimo kinachoonyesha kitu ni asidi au magadi, inafika 12 hata 13 wakati maji safi ni 7, na inakula ngozi bila kelele. Kaa la moto lingenirusha pale pale. Hii ilisubiri nipande daladala ya kurudi Gongo la Mboto ndipo magoti yakaanza kuwasha, kisha kuchoma. Nyumbani nilipovua, ngozi ya goti la kulia ilikuwa nyeusi na laini kama ganda la ndizi iliyopitiliza. Ikatoka na kitambaa. Mama aliangalia pembeni.

Asubuhi, zahanati, muuguzi akauliza kama ni moto. Nikamwambia simenti. Alinisafisha kwa maji mengi, taratibu, bila kusugua, kisha akasema dawa yangu ilikuwa maji haya haya, jana, pale pale saiti. Niliumia upya. Ndoo moja! Mtu alipiga hesabu, akaona zege linahitaji maji yale kuliko goti langu, na hesabu hiyo mpaka leo sijaisamehe.

Wiki tatu sikushika beleshi. Niliporudi nilimkuta mzee kwenye mbao.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Goti?"

Nikamwonyesha. Akalitazama muda mrefu, hakusema kitu, akanisogezea mabuti ya mpira, marefu, yaliyotumika lakini mazima. Kando ya pipa kulikuwa na ndoo yenye mfuniko, imejaa, na ubavuni imeandikwa kwa chaki: YA KUNAWA. Mchana fundi wa plasta alikwenda kuichota. Akamkuta mzee amekalia mfuniko, anakula muhogo wake, wala hana dalili ya kuinuka.