Nilivyorudisha hisia za vidole baada ya neva kukatika

Habari zenu wapendwa, mimi ni fundi cherehani, naandika kwa yeyote aliyejeruhiwa mkononi akashonwa halafu vidole vikabaki ganzi, maana mi nilitafuta sana maelezo ya Kiswahili nikakosa.

Kioo cha dirisha kilinipasua kwenye kifundo cha mkono wa kulia, pale kiganja kinapoanzia, ikakatika neva, yaani mshipa wa fahamu, inaitwa mediani, ndo inayoleta hisia za dole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Madaktari wakaiunga. Mtu wa fiziotherapia akaniambia, "Dada, neva inaota taratibu, kama milimita 1 kwa siku, ila ikifika kwenye vidole kazi inahamia kichwani, ubongo itabidi ujifunze upya." Hayo maneno ndo yalinipa nguvu.

Kichwani kivipi? Kuna ukanda wa gamba la ubongo, wenyewe wanaita koteksi, umelala kama bendi ya nywele kutoka utosini kushuka kuelekea sikioni. Wa kushoto unapokea hisia za mwili wa kulia, na wa kulia za kushoto. Wilder Penfield, daktari wa Montreal, alitoa ramani yake mwaka 1937 na mwenzake Boldrey, walikuwa wanagusa ubongo kwa umeme kidogo mgonjwa yuko macho, ubongo wenyewe hauna maumivu, na mgonjwa anasema amehisi wapi. Wakakuta midomo na vidole vimechukua eneo kubwa ajabu, mgongo wote umepewa kidogo tu. Ndo maana ncha ya kidole inajua imeguswa sehemu mbili hata zikiachana milimita 2 au 3, mgongoni mpaka ziachane sentimita kadhaa.

Sasa neva ikikatika lile eneo halikai bure. Miaka ya 1980 kule Marekani mtafiti wa ubongo Michael Merzenich na wenzake walikata mediani hiyohiyo kwa tumbili, wakakuta eneo lake limeanza kuitikia ngozi ya jirani. Halafu nyuzi za neva zikiota upya nyingine zinatua pasipo pake, mi ulikuwa ukinigusa cha shahada nahisi cha kati, nikaogopa sana mpaka nilipoelezwa kwamba hata hiyo ni dalili neva imefika.

Basi jioni wateja wakiondoka natandika vipande mezani, jinzi, kitenge, satini, taulo. Nagusa huku naangalia, nafumba macho nagusa palepale, nafumbua kuhakikisha, kisha mkono wa kushoto nao unagusa kilekile ili ubongo ulinganishe. Mwanangu ananigusa na kifutio cha penseli nimefumba macho, "Mama, kidole gani?" nikikosea ananiambia angalia, naangalia, tunarudia.

Kuna daktari wa mikono Sweden, Göran Lundborg, yeye na wenzake walitengeneza glovu yenye maikrofoni kwenye vidole, ukigusa kitu unasikia mlio wake masikioni, ili ubongo upate habari za mkono kabla hisia hazijarudi. Mi glovu sina, nikawa nasugua kitambaa karibu na sikio, jinzi inakwaruza, satini inatoa mlio mwembamba, na kweli nilipokuwa sihisi kitu hiyo sauti ilinishikilia.

Pasi jamani! Kidole chenye ganzi kinaungua hujui, kaa nayo upande wa mkono mzima, na maji ya moto pima kwa mkono huohuo mzima.

Taulo na jinzi vilirudi kwanza, satini ikachelewa sana, leo naitambua macho yamefumbwa. Shifoni na hariri bado navichanganya, hapo namwachia mkono wa kushoto. Anayeanza achukue vitambaa vinavyotofautiana sana, afanye dakika chache mara nyingi kwa siku, akikazana saa nzima kichwa kinachoka na vidole vinaanza kumdanganya.